Kiti Kimeregea

Kati ya duka langu na karakana ya Bi Vuta kuna ukuta wa mbao tu. Mimi nauza vitambaa na sponji, yeye anatengeneza makochi, kwa hiyo ukuta huo haujawahi kutuzuia kitu. Akitaka kitambaa anaugonga kwa nyundo. Mimi nikitaka umbea naugonga kwa kiganja. Jina la Vuta tulimpa sisi majirani, na limemkaa kuliko lile la kuzaliwa.

Ukilifumua kochi lolote, chini ya sponji utakuta mikanda ya mpira imepigiliwa kwenye fremu, mingine inakwenda hivi, mingine inaikata vile. Hiyo ndiyo inayobeba uzito wa mtu. Fundi mvivu huipigilia bila kuinyoosha, na kila mtu akikaa mkanda unaachia kidogo, unarudi nyuma kidogo, mpaka siku moja mgeni wa heshima anakaa na magoti yanamgonga kidevu. Bi Vuta hana uvivu huo. Anaubana mkanda kwa plaizi, anaikanyaga fremu kwa mguu, kisha anajipigia kelele mwenyewe: "Vuta! Vuta wewe! Bado, vuta!" Mpita njia asiyemjua hudhani kuna mwanamke anajifungua mle ndani, na mmoja aliwahi kusimama mlangoni kwangu kuuliza kama mkunga ameitwa.

Mkanda ukiachia, sisi wa kazi hii tunasema umeregea. Wenye vitabu vyao huandika kulegea, na sina ugomvi nao, lakini kochi likiletwa kwetu limebebwa kichwani, limeregea. Kwa Bi Vuta hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mwambie amenenepa, atacheka. Mwambie kitambaa alichochagua kinafaa kufunikia maiti, atacheka na kukuongezea. Mwambie kochi lake limeregea, kisha utafute pa kujificha.

Sasa, mama yake naye ana neno hilohilo, ila kwake maana ni nyingine kabisa. Yeye ni wa wale watu wa zamani wanaosema kuregea wakiwa na maana ya kurejea, yaani kurudi ulikotoka. Bi Vuta alipokuwa msichana, kila akitia mguu nje aliambiwa, "Nenda, lakini uregee mapema." Kwa hiyo siku ya kwanza alipoingia kwenye karakana kujifunza kazi na kumsikia fundi wake akilalamika kwamba kochi la mteja limeregea, aliuliza kwa dhati kabisa: "Lilikuwa limekwenda wapi?" Walimcheka mwezi mzima. Baadaye akazoea. Alikuwa anaishi na mama yake vyumba vya juu ya karakana, na maneno hayo mawili akayagawa vizuri: lile la mama lilikuwa juu, lile la kazi lilikuwa chini, na katikati kulikuwa na ngazi ya chuma.

Niseme wazi kabla sijaendelea: Bi Vuta ana wivu. Tena si wivu wa mume. Mume aliyekuwa naye alipohamia kwa mwanamke mwingine, Bi Vuta alimkunjia nguo zake moja moja na akamwongezea taulo. Wivu wake wote, mzima mzima, aliuweka kwa mtu mmoja, naye ni mama yake. Na aliyekuwa akimwonea wivu huo ni mdogo wake wa tumbo moja, kitindamimba, ambaye Bi Vuta mwenyewe alimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea.

Mdogo mtu anasoma taarifa ya habari redioni. Sauti yake umeisikia hata kama humjui. Imenyooka, kila herufi imepigwa pasi. Mimi redio yangu huwa inaongea kutwa pale dukani, na kila saa ya habari ikifika, ukuta unagongwa kwa nyundo.

"Zima hiyo kitu!"

"Ni mdogo wako."

"Ndiyo maana nasema zima!"

Chanzo cha hayo kilikuwa juu, kwenye vile vyumba. Mama alikuwa na redio ndogo kando ya kitanda. Bi Vuta akipanda jioni, mikono imechubuka, amebeba chakula, anaanza kumsimulia mama yake habari za mchana kutwa: mteja fulani kakataa rangi, kochi fulani limekutwa na kijiko na meno ya bandia ndani yake. Mama anasikiliza, anacheka. Mara redio inasema, "Na sasa ni taarifa ya habari." Mama anainua mkono. "Nyamaza kidogo, mwanangu anaongea."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini, nabweka?" Bi Vuta aliniuliza, miaka mingi baada ya mara ya kwanza, na macho yalikuwa mekundu kama ni jana.

Basi magoti ya mama yakaanza kuchoka. Akateleza kwenye ile ngazi ya chuma akashuka vidato viwili vitatu kwa makalio. Hakuvunjika, lakini daktari alisema ngazi ndiyo basi tena. Mdogo mtu alikuwa na nyumba ya chini, sakafu sawasawa, bafu ndani, mitaa michache tu kutoka kwetu. Hakuna aliyehitaji kikao kuamua. Mama akahamia kwa mdogo.

Kwa Bi Vuta ule haukuwa uhamisho, ulikuwa wizi. "Ameibiwa mchana kweupe," alisema, "na mwizi kaja na gari kabisa, kashusha na madirisha." Aliapa mbele yangu, mkono ukiwa juu ya mkasi wangu wa vitambaa, kwamba hatakanyaga nyumba ile kama mgeni. "Nibishe hodi kwa mama yangu? Nikaribishwe? Niulizwe nitakunywa chai au maji? Mimi?"

Nilimwambia ameanza utoto. Alinuna siku mbili.

Lakini kabla mama hajaondoka Bi Vuta alimtengenezea kiti. Nimeona makochi mengi yakitoka mlango ule, ila kama kile sijaona. Mbao alizichagua kavu kabisa. Kimo alikipima kwa magoti ya mama mwenyewe, ili akitaka kuinuka asihangaike. Sponji ya kukalia aliiacha huru, ya kuinua kwa mkono, ili iweze kuanikwa. Kitambaa nilikitoa mimi, kijani, na ile mikanda aliivuta siku nzima mpaka nikaogopa fremu itapasuka. Alipomaliza alikikalia yeye mwenyewe kwa nguvu mara nyingi, akasema, "Hiki hakiregei hata wakikaa mawaziri." Kikapakiwa kwenye lile gari la mwizi pamoja na mama, na Bi Vuta akapanda vyumbani juu akajifungia.

Haukupita muda mrefu simu ikalia. Alikuwa ameshika plaizi, akaiweka simu kwenye sauti kubwa juu ya meza ya kukatia.

"Mwanangu," sauti ya mama ikasema, "kile kiti kimeregea."

Mimi nilikuwa mlangoni na sampuli za vitambaa. Nilirudi nyuma hatua moja.

"Kimefanya nini?"

"Kimeregea. Nikikaa nazama. Njoo ukitazame."

"Mama, kiti changu hakiwezi kuregea."

"Basi niseme uongo? Njoo. Mdogo wako hayupo, harudi mpaka jioni."

Simu ikakatika. Nilidhani atarusha plaizi. Badala yake alikaa juu ya rundo la sponji, akaniangalia kama mtu aliyesomewa hukumu.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Mkanda umeachia. Hutokea."

"Si hilo. Amesema *harudi*. Mama yangu kasema harudi!" Machozi yalimlenga. "Tangu nizaliwe anasema haregei. Yule mtoto amemrekebisha. Amekaa naye huko anamwambia, mama, si kuregea, ni kurejea, au sema kurudi tu. Kamchukua mama, sasa kachukua mpaka ulimi wake."

Nikataka kucheka, nikashindwa. Kweli mdogo mtu alikuwa na tabia hiyo. Ndiyo kazi yake, hata mimi aliwahi kunisahihisha nilipokuwa nampimia kitambaa. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuumia roho kwa ajili ya neno moja kubadilika mdomoni mwa mama yake.

Alikwenda. Alivaa eproni ya kazi, akabeba begi la vifaa begani, ili mtaa mzima uone kwamba anakwenda kazini na si kutembea. Aliporudi jioni alikuwa amefura kwa hasira, anasema misumari ya upande wa mbele imetoka yote, labda ile mbao ilikuwa na kasoro, labda amezeeka, labda aanze kuuza karanga. Alisema hakunywa chai yao wala hakukalia kochi lao. Alikaa chini sakafuni, akafanya kazi yake, akaondoka. Mimi nilikuwa namtazama kichwani. Asubuhi alitoka na nywele timutimu, na sasa alikuwa amesukwa mistari safi, imelala, na kichwa kinanukia mafuta ya kuchua ya mama.

"Nani kakusuka?"

"Mama alikuwa amekaa nyuma yangu pale kitandani. Mikono yake haiwezi kutulia, unamjua." Akajigusa nywele. "Usinibadilishie mada. Nimeongelea misumari."

Nikarudi kwenye vitambaa vyangu.

Kiti kikaregea tena. Safari hii alitumia misumari mirefu zaidi, yenye vichwa vipana, na gundi juu yake. Alirudi amesukwa tena. Kiti kikaregea tena. Sasa heshima yake yote ya ufundi ilikuwa inaning'inia kwenye ile mikanda. Akawa hawezi kulala vizuri, anagusagusa makochi ya wateja, anayakalia, anayainamia kuyasikiliza. Wateja walianza kuniuliza mimi kama jirani yangu ana mapepo. Na kila mama alipopiga simu alimwambia yaleyale, "Njoo, lakini usiharakishe, kipigilie vizuri," na kila Bi Vuta alipoondoka alikuwa analaani, na miguu yake ilikuwa inakwenda mbio kuliko mdomo.

Halafu siku moja simu ilipolia haikuwa ya mama. Ilikuwa ile sauti iliyopigwa pasi.

"Dada, shikamoo. Kile kiti kimelegea tena." Alisema *kimelegea*, kwa l safi kabisa. "Usihangaike sasa. Mimi nimemnunulia mama kingine, kipya, kina mpini wa kuinua miguu. Hiki naomba uje ukichukue, chumba kimejaa."

Bi Vuta alikata simu, akaanza kukusanya vifaa kwa pupa mpaka nyundo ikamponyoka. Nikafunga duka. Nilimwambia nakwenda kumsaidia kukibeba, lakini ukweli niliogopa angemng'ata mtu.

Njiani alisema maneno machache tu. "Hicho kiti kikitoka mle ndani, mimi sina tena njia ya kuingia."

"Si uende tu kumtembelea kama watu wengine?"

"Nimeapa."

"Uliapa juu ya mkasi wangu. Nakusamehe mimi, mwenye mkasi."

Hakucheka. Hapo nikajua kwamba jambo limefika pabaya. Nikajua vilevile kitu ambacho sikukisema: kwamba mimi, niliyemzika mama yangu zamani, nilikuwa namwonea wivu yeye hata kwa ugomvi huu.

Chumba cha mama kilikuwa kisafi, dirisha wazi, kitanda kimetandikwa. Kile kiti kipya kilikuwa kimejaa katikati ya chumba, kinene, cheusi, kinang'aa, na juu yake kulikuwa na nguo zilizofuliwa zimekunjwa rundo mpaka juu. Kiti chetu cha kijani kilisukumwa kando ya mlango. Mama alikuwa amekaa kitandani. Tulipomwamkia aliitikia, akanitazama mimi, akamtazama bintiye, halafu akashusha macho kama mtoto aliyevunja sahani.

Mdogo mtu alikuwa amesimama na nguo zake za kazini. "Karibuni. Dada, mtakunywa chai au..."

"Sikuja kunywa." Bi Vuta alipiga magoti mbele ya kiti chake, akainua sponji ya kukalia, akaweka pembeni. Mikanda ya mbele ilikuwa imeachia, inaning'inia. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa mbao, tundu moja baada ya jingine, polepole. Akasimamisha kidole. Akapitisha tena. Nilimjua, ndivyo anavyofanya akikuta kazi ya mtu mwingine ndani ya kochi lake.

"Huu mkanda haukuregea," alisema.

"Dada, tunauona sote ume..."

"Huu umeregezwa." Akainuka. "Mkanda ukijivuta wenyewe, unachanika pale penye msumari, na msumari unabaki kwenye mbao umepinda. Angalia. Mkanda mzima. Matundu masafi. Misumari haipo, na mimi siku zote nailaumu mbao. Kuna mtu amekaa hapa akaing'oa mmoja mmoja." Akamgeukia mdogo wake, na uso wake sijawahi kuuona vile. "Ulishindwa nini kuniambia hutaki kiti changu ndani ya nyumba yako? Mpaka uning'olee misumari? Mpaka mama aone mimi si fundi?"

"Mimi?" Ile sauti ya redioni ilikatika katikati. "Mimi nitoke kazini usiku, nimechoka hivi, nikae ning'oe misumari?"

"Nani mwingine? Mama umemchukua. Maneno yake umeyabadilisha. Kilichobaki kwake kutoka kwangu kilikuwa hiki tu, na chenyewe hukuweza kukivumilia!"

"Sikumchukua! Ngazi zako ndizo zilizomwangusha!"

Hilo lilimpata. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, najiuliza kama nitaweza kuwatenganisha, mmoja ana mikono ya fundi na mwingine ana kucha.

Ndipo tuliposikia kitu kinachakarika. Mama alikuwa ameinua mto wake wa kulalia, akatoa kopo la vidonge, lile la plastiki. Akalitikisa tena ili tumtazame. Halikuwa na vidonge. Alilifungua, akalipindua juu ya shuka, ikamwagika misumari yenye vichwa vipana, rundo zima. Katikati yake ilidondoka opena ya soda.

"Hiyo opena nimeitafuta tangu..." mdogo mtu akaanza, akaacha.

"Mnagombania hii?" Mama alisema. "Ni mimi."

Bi Vuta alikuwa anaitazama ile misumari, misumari yake mwenyewe, aliyoichagua moja moja.

"Mama, kwa nini?" alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kiti kibaya?"

"Kiti kizuri. Kizuri mno, kiganja kimenitoka malengelenge." Akakionyesha. "Lakini wewe umesema hukanyagi hapa. Nimekaa dirishani, nimekaa, siku zinapita, hukanyagi. Nikajiuliza, huyu mtoto anaitika nini? Anaitika kazi. Basi. Kila kikiregea, na yeye anaregea. Kisiporegea, haregei."

Niliona mdomo wa mdogo mtu unafunguka. Ilikuwa mazoea tu. Lile neno lilipita mbele yake mara nne bila pasi. Akaufunga.

Mimi nilikuwa nimelisikia neno hilo kwa maana ya kazi tangu nifungue duka, na kwa maana ya mama tangu nimjue Bi Vuta. Sikuwahi kuyasikia yote mawili katika pumzi moja. Bi Vuta alikaa chini palepale, mgongo kwenye kitanda, mbele ya magoti ya mama yake, mahali ambapo bila shaka ndipo alipokuwa akikaa kila mara. Alilia kwa sauti mbaya, ileile ya kuvuta mikanda. Mama akamwekea mkono kichwani, akaanza kumtazama mistari ya nywele, ambayo ilikuwa imeanza kuchakaa.

Nikadhani yameisha. Sikumhesabu yule mwingine.

"Na mimi je?" Mdogo mtu alikuwa bado amesimama, na wanja ulikuwa unamshuka mashavuni. "Mimi nimekutafutia kiti kipya, umekifanya kabati la nguo. Unakalia hicho kibovu unatazama dirishani. Nikiingia unaniuliza kama nimemwona dada barabarani. Mimi naregea hapa kila siku, mama! Kila siku jioni naregea! Mbona mimi hujawahi kunisuka?"

Ilitoka hivyo hivyo, naregea, ya utotoni, ambayo nina hakika haijawahi kutoka mdomoni mwake tangu apewe kipaza sauti. Nadhani hakusikia alichosema. Bi Vuta alisikia. Aliinua kichwa kutoka miguuni pa mama yake akamtazama mdogo wake kwa muda, kama mtu anayekuta kwenye soko kitu chake kilichopotea zamani.

"Wewe una nywele za saluni," mama alisema, ametahayari. "Naogopa kukuharibia."

"Ziharibu!"

"Basi kaa."

Akakaa, na sketi yake ya kazini, juu ya sakafu, upande wa kushoto wa dada yake. Bi Vuta alisogea kidogo sana. Alisogea, lakini nilimwona anavyotupa jicho kupima ni nafasi kiasi gani mwenzake amepewa. Wivu wa miaka yote hiyo hauondoki kwa kilio kimoja. Mama akaanza na yule mdogo, na Bi Vuta akanong'ona, kwa sauti ya kunifikia mimi mlangoni, "Ilikuwa zamu yangu."

Basi, kwa kuwa mikono ya mama ilikuwa na kazi, na Bi Vuta naye mikono yake haijui kutulia, alijifuta uso kwa eproni akakivuta kiti chake. Nikamshikia fremu. "Vuta," alisema, taratibu kuliko kawaida yake. Alipigilia mkanda wa kwanza kwa misumari mitatu. Wa pili mitatu. Mimi nilikuwa namwokotea kutoka kitandani, kutoka kwenye lile rundo. Kazi ilikuwa safi kama siku ile ya kwanza, na nilitaka kumwambia sasa kitakaa milele, tunaweza kwenda.

Alipofika mkanda wa mwisho, ule ulio karibu na mkono wa kulia wa mama, alisita. Akachukua msumari mmoja tu. Akaugonga mara moja, pigo jepesi, akaacha kichwa kimechomoza juu ya mkanda. Akapima uwazi ule kwa ncha ya opena. Ilipita vizuri.

"Huo utaregea kabla ya wiki kuisha," nilimnong'oneza.

"Najua."

"Si ungesema tu kwamba utakuja kumtembelea?"

"Wageni ndio wanaotembelea," alisema. Akatazama kama mdogo wake anaangalia, akakuta amefumba macho, kichwa amekilaza mapajani mwa mama. Bi Vuta akaitia opena chini ya sponji ya kukalia, akaipigapiga juu ikakaa sawa. Kisha akaniambia nikatazame jikoni chai iko wapi.